Ufunguo Kabla ya Hati

Ufunguo nilipewa kwanza.
Bwana Nasoro wa kampuni aliutia kiganjani mwangu
pale Kange, mbele ya nyumba namba kumi na saba,
umefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi.
"Karibu kwako, mama."
Nami, mkunga wa Bombo miaka thelathini na moja,
niliyefundisha wageni wangapi kuvuta pumzi,
nikakosa yangu.

Rangi ilikuwa bado mbichi.
Niligusa ukuta, kidole kikatoka cheupe.
Sikukinawa hadi usiku.

"Na wakili tunaye," akasema. "Wetu. Bure.
Asubuhi unasaini, mchana unahamisha vyombo."
Hilo neno bure lilinipuliza kama kiyoyozi cha ofisi yao:
nikaburudika,
halafu nikaanza kusikia baridi.

Marehemu mama hakununua nazi
kwa kuambiwa na muuzaji kuwa imekomaa.
Aliiinua, akaitikisa
kwenye sikio lake mwenyewe.
Sasa nazi hii ya milioni themanini na mbili,
kiinua mgongo changu chote na deni juu yake,
naitikisaje?
Nilitaka sikio la kukodi,
lisilokula kwa mwenye nazi.

Mdogo wangu Mwakwetu akasema, yupo Hemedi wetu,
kaapishwa juzi, atakufanyia nusu bei.
Hemedi nampenda. Nilimpokea kwa mikono hii,
alikuja duniani akitanguliza miguu,
na haraka ile hajaiacha.
Nikamuuliza: nyumba ikichelewa kukamilika,
kodi ya chumba nilichopanga Mikanjuni analipa nani?
Akacheka. "Shangazi, una wasiwasi sana."
Sikumuuliza la pili.

Wakili Shekiondo yuko Ngamiani, Barabara ya Saba,
juu ya fundi cherehani.
Ngazi zinanuka mafuta ya mashine,
feni inazunguka kama inayokumbuka jambo.
Kabla sijaketi vizuri aliniandikia ada yake,
na chini yake, kwa herufi zilezile,
mambo ambayo ada ile haiyagusi.
Akavua miwani.
"Mkataba umeusoma?"
Nikadanganya.
"Basi tuusome tena," akasema, "kwa sauti."

Nikasoma kama mtoto wa darasa la pili.
Ukurasa wa tisa, kidole chake kikatua:
muuzaji aweza kubadili ramani bila taarifa.
"Hapa chumba chako cha tatu kinaweza kuamka stoo."
Ukurasa wa kumi na mbili:
nyumba itakabidhiwa haraka iwezekanavyo.
"Haraka ya nani?" Akachora alama kwa penseli.
Nyufa, je, zikitokea masika ya kwanza?
Mkataba ulikuwa kimya.
Chini yetu cherehani ilishona, ikanyamaza, ikashona.

"Na hati?"
Nikamwonyesha ufunguo.
Hakucheka, na kwa hilo nilimchagua.
"Nyumba zote arobaini zimesimama juu ya hati moja, mama.
Nataka kujua hati hiyo inalala wapi.
Ikiwa inalala benki, wewe utalala wapi?
Nipe siku kumi, niende Ardhi."

Siku kumi!
Bwana Nasoro kapiga simu mara nne.
Yupo mteja mwingine, anasema, kutoka Muheza, ana fedha taslimu.
Mwakwetu ananiita mkaidi.
Usiku napanga makochi ndani ya giza,
kabati upande huu, cherehani dirishani,
kisha nayatoa yote, moja moja.

Ufunguo nimeurudisha.
Karani aliniandikia risiti huku ananitazama
kama mtu anayerudisha pete.
Kiganja bado kinayajua meno yake.

Leo siku ya saba.
Simu iko mezani, kando ya nazi ya mchuzi wa jioni.
Haijalia.
Nimeiinua nazi, nimeisogeza sikioni,
natikisa.