Mkia

Nauzet alinifunza: kichwa usikitazame,
wala kifua; wote wawili hung'aa zambarau,
wote hutokomea ukunguni, huku La Gomera,
kabla hujafuta miwani.
Ngoja aruke.
Mkia wa turké una utepe mweusi nchani,
kama pindo la kaniki;
wa rabiche huishia weupe,
kana kwamba umechovya maziwa.

Miaka kumi na moja nimejaza madaftari.
Jana, chini ya mti wenye kuvumwani,
nikaokota unyoya mmoja,
umelowa, kijivu kitupu,
ncha imekatika.

Nikampelekea. Akaugeuza kwenye taa,
akaunusa hata,
kisha akacheka mpaka akakohoa:
"Huyu katuachia palepale
wanapofanana."