Kola ya Risasi

Baba, nimekuja na picha zangu.
Zinyanyue dirishani kama ulivyozoea,
uzisome kwa mwanga huu wa Kibuye, wa saa nne asubuhi,
wauza mitumba wakiitana bei nje ya ukuta.

Hapo. Chini ya kidole chako.
Kivimbe, hakifiki punje ya njugu.
Daktari alikipa jina refu, nikalisahau mlangoni.
Lile fupi nimerudi nalo.

Unakikumbuka chumba chako, kule kliniki ya nyuma ya stendi?
Pazia la kijani, kizuizi cha mbao tupu,
mashine iliyonunuliwa kuukuu, ikinguruma kama friji.
Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa Oile akishona sare za watoto wa wengine,
basi hesabu zangu nilizifanyia nyuma ya mbao zile,
saba mara nane, saba mara tisa,
nawe ukimwambia mgonjwa: Vuta pumzi. Shikilia.
Nami nikashikilia,
nikidhani amri ni ya kila aliyemo chumbani.

Kola ilining'inia msumarini,
nzito, imepasuka ukingoni.
Nikakuuliza kwa nini risasi ivaliwe shingoni.
Ukacheka: Apondi, risasi hii haiui, hii inakinga.
Ukaivaa siku walipokuja wakaguzi.

Mionzi haibishi hodi.
Haina harufu, haina hata joto la chai iliyopoa.
Haba na haba hujaza kibaba, tuliimba darasani;
hatukuambiwa kikifurika kinammwagikia nani.

Nilimuuliza daktari: ni chumba kile?
Akazungusha kalamu.
Akasema tezi ya mtoto huinywa mionzi
kama mchanga unywavyo maji.
Akasema pia wapo wanaougua
bila kukanyaga chumba kama hicho maishani.
Huenda, akasema.
Miaka thelathini na mmoja, kisha huenda.

Usinitazame hivyo.
Sikuleta kesi.
Vifua vya nusu ya mji huu vilipita mikononi mwako,
na karo yangu ilitoka kwenye ngurumo ile ile.

Watanipasua Jumanne. Mshono utakaa hapa,
mahali pa shanga.
Baadaye nitameza ayodini yenye mionzi yake,
nilale peke yangu, mlango umefungwa,
sahani yangu isiguswe na mtu,
na Hawi asinikumbatie mpaka waseme.
Mashine nitakuwa mimi, Baba,
na safari hii ukuta utakuwa mnene.

Basi, shusha picha. Mkono unakutetemeka.
Vuta pumzi.
Shikilia.

Haya. Pumua.