Mgao wa Mbwa

Meza ya Garazi ina miguu mitatu na nusu.
Chini ya ule mbovu tumesokomeza kamusi ya babu yake,
juu yake tumemjenga Matxin:
miaka kumi na miwili,
mtumishi wa jikoni katika merikebu ya wavua nyangumi,
karne ya kumi na sita, kiangazi kisicho na joto cha Terranova,
jino la mbele limevunjika
kwa kuwa Eneko alilivunja la kwake kwenye ngazi za kanisa
na hajazisamehe ngazi hadi leo.

Tuligawana kazi kama watu wagawanavyo shamba la urithi,
kwa adabu, kila mmoja akikagua mpaka usiku.
Mimi sura witiri. Garazi sura shufwa.
Eneko, aliyefundisha historia miaka thelathini na mmoja,
hakutaka sura. Alitaka kalamu nyekundu.

Nilimlisha Matxin kiazi cha kuchoma.
Saa saba usiku simu ikatetemeka chini ya mto:
"Kiazi hakijafika Pasaia. Mpe dengu."
Nikampa dengu.
Nikaandika, "Subiri dakika tano."
"Dakika? Nani jikoni mle alikuwa na dakika?
Mpe Baba Yetu tano, azisali polepole."
Nikampa, na dengu zikaiva vizuri zaidi.
Sina budi kukiri hilo, ingawa si mbele yake.

Kisha sura ya sita. Shufwa.
Bila kuniuliza, bila hata kubisha hodi,
Garazi alimtosa Beltz, mbwa wangu,
niliyemlea tangu kitabu cha kwanza:
wimbi moja, sentensi moja, nukta.
Hata koma hakumwekea ya kushikia.

Sura ya saba nikamfufua: alijificha ndani ya pipa.
"Pipa lina mafuta," wino mwekundu. "Atakufa mara ya pili."
Nikamfufua juu ya kipande cha barafu.
Nikamfufua kwa mabaharia wa meli nyingine.
Garazi akasema, "Watoto si mayai,"
nami nikasema, "Wala si mawe,"
na mvua ya Pasaia, isiyojua kuamua ugomvi,
ikanyesha siku nane kwenye madirisha yote mawili.
Mara tisa. Zote tisa nimeziweka kwenye sanduku la viatu.

Ijumaa tukapeleka ugomvi wetu shuleni, Errenteria,
darasa la nne, harufu ya maganda ya machungwa na makoti mabichi.
Tukasoma sura ya sita. Hakulia mtu.
Mvulana wa nyuma, Unax, alikuwa akichora nyangumi mwenye miwani.
Bila kuinua kichwa akauliza:
"Na mgao wa mbwa alipewa nani?"

Tukatazamana, watu wazima watatu
wenye vitabu vitatu na ramani ukutani.
Tulikuwa tumehesabu mapipa, kamba, mvinyo wa tufaha,
idadi ya vyusa katika kila mashua.
Ule mkate mgumu hatukuuhesabu.

Basi Beltz amekufa.
Katika sura ya saba, kila jioni,
Matxin anavunja kipande cha mkate, anakiweka palepale
karibu na nguzo, anasali Baba Yetu moja, anaondoka.
Asubuhi hakipo.
Mpishi anajua. Mpishi anatazama kando.
Panya wa merikebu wananenepa hadi ukurasa wa tisini.

Nani aliandika mstari wa panya?
Mimi nadhani Garazi. Garazi anaapa ni mimi.
Eneko aliusoma, akafunika kalamu,
akaenda dirishani kuangalia kama mvua imekatika,
na ilikuwa imekatika tangu asubuhi.

Kitabu cha nne kina paka.
Nimemweka sura ya kwanza, nimempa jina,
nimemwambia Garazi: huyu anajua kuogelea.
Anatabasamu, anachonga penseli.
Sura ya pili ni yake.