Kilo Nne na Robo

Mizani ya zahanati iligoma kwenye mia na hamsini,
kwa hiyo nilijipima kazini, mwaloni Kirumba,
alfajiri, kabla boti hazijafunga kamba.
Nikakaa pale anapolala sangara,
na Ng'washi akausoma mshale kwa jicho moja,
jingine amelifumba kwa heshima.
Mia moja sabini na nane.
Akaandika kwenye daftari la samaki, kwa mazoea,
kisha akafuta.

Miaka mitatu. Sitasimulia ugali nilioukata nusu,
nusu ya nusu,
wala kupanda kilima cha Bugando kwa miguu
hadi mapafu yakapiga honi.
Nilipungua, basi.
Mtaa ukanihesabia vidonge nisivyomeza.
Mawifi wakaja na sukari na sura za msibani;
mama mkwe akauliza, kwa upole mno, kama nimepima.
Nimepima, mama, nikajibu:
themanini na mbili.

Lakini mwili ulihama ukaacha nyumba.
Ngozi ilibaki na vipimo vya zamani,
tumboni, mapajani,
chini ya mikono kama joho la kuazima.
Nikiketi, yenyewe iliketi baadaye.
Nikigeuka kitandani niliikusanya kwanza,
kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala.
Chini yake jasho, upele, poda ya watoto,
kitambaa cha pamba nilichobadili saa nne na saa tisa
nyuma ya majokofu.

Kuna mstari mweupe kwenye mawe ya ziwa,
pale maji yalipofika mwaka ule wa mafuriko.
Maji yalirudi. Jiwe halikusahau.

Daktari Masalu alinichora kwa kalamu ya zambarau
nimesimama, uchi, mikono juu,
kama ng'ombe wa mnadani.
Nikamuuliza swali lililonikereketa tangu Januari:
ikishatoka, mnaipeleka wapi?
Maana huku kwetu hakuna kinachotupwa.
Minofu yapanda ndege, mabondo yana bei ya kuapia,
mapanki yakaangwa, hata ngozi ina mnunuzi wake.
Akacheka. Akanyamaza. Akasema: tanuru.

Nilipozinduka, koo kavu,
vichupa viwili ubavuni vikininywa damu kidogo kidogo,
nilimuuliza Sista Kokugonza: kilo ngapi?
Akadhani ni dawa ya usingizi inayosema.
Kilo ngapi, sista, mimi ni karani wa mizani.
Akaenda kutazama faili.
Nne na robo.
Sangara mmoja wa kawaida, nikawaza,
wa familia, wa Jumapili.
Nilidhani atakuwa mkubwa zaidi.

Mbuke ana miaka sita. Alizoea kulala akiikanda,
akiivuta kama anayetafuta kona ya blanketi.
Usiku wa kwanza nyumbani mkono wake ulikuja gizani,
ukapapasa, ukakuta bendeji,
ukarudi zake.
Asubuhi akauliza kama nitairudisha.
Nikasema hapana.
Akanywa uji wake wote bila kunitazama.

Mshono unatoka nyonga hadi nyonga,
mweusi, umeinuka kidogo kushoto.
Gauni linakaa. Mawifi sasa wanauliza bei.

Mwezi wa saba niliingia ziwani nyuma ya yadi,
nikijua fika atakachosema Sista kuhusu kichocho.
Maji yakapanda: kifundo, goti, paja,
baridi ile ya kweli.
Yakapanda, yakapotea.
Yakaonekana tena juu ya kitovu,
ambacho nacho hakipo kilipokuwa, walikihamisha.
Katikati, upana wa kiganja, hakuna kitu:
mkanda ambao ziwa halijafika.
Daktari alisema hisia hurudi, au hazirudi.
Nikasimama.
Ng'washi aliniita mara mbili, boti imeingia, samaki wanaharibika.
Nikamwambia asubiri.