Inarudi kwa Mwenyewe

Walianza na gari, lile la buluu,
kisha akodioni ya marehemu Lester
na sanduku lake lenye bitana nyekundu.
Mfilisi, Bwana Kessock, mtu wa mafua yasiyokwisha,
alikohoa, akaandika, akakohoa, akaandika,
na asubuhi moja, kwenye ukumbi wa wazima moto,
maisha yangu yakapata wanunuzi.
Hata kikapu cha vibanio vya nguo kilipata mtu.

Ikabaki nyumba.

Namba kumi na saba, Mtaa wa Korbel:
baraza mbele, vyumba viwili juu,
na chini ya ardhi chumba cha kufulia,
ambamo theluji ikiyeyuka maji ya mgodi wa kale hupanda,
rangi ya chungwa, harufu ya sarafu mdomoni.
Babu yake Lester alichimba makaa huko chini.
Makaa yalikwisha, babu akafa,
maji bado yanapanda kumuulizia.

Bwana Kessock aliinadi mara tatu.
Kwanza alikuja mtu na tochi,
akashuka vidato vinne, akapanda vidato vinne,
akasema anawahi kumchukua mtoto shuleni.
Ilikuwa Jumapili.
Mara ya pili walikuja mume na mke; mke hakushuka garini.
Mara ya tatu mnadi alianza na dola elfu,
akaja mia, akaja kumi, akaja moja,
kisha akalifunga daftari
taratibu, kama mtu afumbaye macho ya maiti.

Ikaja barua, karatasi nzito, muhuri wa mahakama:
mali hii haina faida kwa wadai, ni mzigo,
mfilisi ameiachilia,
inarudi kwa mwenyewe.
Nikaisoma mara mbili, nikimtafuta huyo mwenyewe.

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, walisema wa kale.
Hawakusema unaitwaje
mzigo ambao hata aliyetumwa kukunyang'anya
amekurudishia mlangoni.

Wakati huo nalala kwa dada yangu Ludmila,
kwenye kochi, miguu nje.
Deni la hospitali limefutwa, kadi zimefutwa;
jaji alinitazama juu ya miwani yake:
Bi Hudak, sasa uko huru.
Huru, na nyumba. Nyumba, na kodi yake. Kodi, na riba yake.
Na manispaa, ambayo Lester alipokufa haikuniandikia hata pole,
imeandika: majani yamefika inchi kumi na moja,
faini dola tisini.

Nikaipigia benki iliyoshika rehani. Ichukueni, nikasema.
Kijana mwenye sauti ya asali akajibu
kwa sasa hatuna mpango wa kuichukua.
Basi futeni rehani, niigawe.
Huo nao hatuna.
Hawamezi, hawatemi.
Nikatia ufunguo kwenye bahasha, nikawapelekea kwa posta.

Jumamosi nimekuja na mashine ya kukatia majani,
ya kuazima, ya jirani Orvis Tencza.
Nakata majani ya nyumba isiyotakiwa na mtu,
na nayakata vizuri, hadi pembeni, hadi chini ya bomba.
Orvis, nikuuzie kwa dola?
Akacheka, akatoa dola mfukoni:
Shika hii, usiniuzie.
Nikaipokea. Tangu ijengwe,
hiyo ndiyo fedha ya kwanza nyumba hii kuingiza.

Saa sita akapita mleta barua.
Bahasha yangu imerudi, benki imeikataa,
na stempu haikutosha: dola moja na senti kumi.
Dola ninayo.
Zile kumi nimezipekua chini ya mkoba,
kati ya vidonge na risiti.

Ufunguo bado unageuka.
Nikafunga mlango, mara mbili, nikavuta kitasa kuhakikisha.
Sijui namfungia nani.
Maji hayapiti mlangoni.