Wamekula?

Mama hulitaja jina la kazi yangu kama anayetema kokwa:
fundi wa maji machafu.
Majirani huwaambia nipo Suhar, bandarini, ofisini, basi.
Mimi humwambia nafuga.
"Unafuga nini?"
Vijidudu, mama. Hawana pembe wala majina,
wamo ndani ya tangi la zege
linalotokota mapovu usiku kucha.

Kiwanda hutuletea fenoli.
Maji yake yananuka hospitali, utamu mwembamba kooni,
na samaki akiyapitia hageuki tena.
Vijidudu wangu huila.
Huivunja pete yake kama mtu avunjaye kashata,
kipande, kipande,
mpaka ibaki pumzi na maji.

Usiku mmoja wa Agosti mtu fulani
alifungua valvu ambayo hadi leo hakuna aliyeifungua.
Alfajiri povu lilikuwa jeupe, zito, kimya,
tope limepauka kama chai iliyosahauliwa.
Biju aliweka tone chini ya hadubini,
akatazama, akanipisha kiti.
Hapakuwa na kinachotikisika.

Nilidhani mama atacheka.
Akauliza: "Hamira ikifa, mtu hufanyaje?"
Huazima.
"Basi kaazime."

Nikaendesha hadi Barka, kwenye mtambo wa Thuraiya,
tuliyesoma naye,
akanijazia madumu sita ya tope hai,
jeusi, lenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa.
Nikarudi vifuniko nimevilegeza wapate hewa,
kiyoyozi kimewaelekea wao, mimi nachuruzika jasho,
kila tuta nikilivuka kama niliyempakia bibi harusi.
Askari wa kizuizini aliingiza pua dirishani.
Aliniruhusu upesi.

Huwapi yote siku ya kwanza.
Siku ya kwanza, sumu kikombe cha kahawa kwa tangi zima.
Siku ya tatu, viwili.
Siku ya tano nilizidisha, wakaninunia;
nikarudi kwenye kimoja, nikawaomba radhi kwa sauti,
Biju akijifanya hasikii.
Haba na haba, niliijua ya kibaba;
sikujua kwamba hata mauti
huzoewa kwa kipimo hicho hicho.

Siku ya kumi na tisa namba ilishuka.
Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye ngazi ya chuma,
ikaniunguza, nikakaa.
Maji yakashika bomba lao
kuelekea miti ya ghafu kando ya barabara kuu,
si ya kunywa, si ya kutawadhia,
lakini mti haukuuliza yametoka wapi.

Gari bado linanuka. Mama hulipanda
ameziba pua kwa ncha ya leso,
na majirani bado wanajua nipo ofisini.
Ila kila asubuhi hunipigia,
na kabla hajauliza kama mimi nimestaftahi,
hushusha sauti, asije akasikiwa ukutani:

"Wamekula?"