Mizani ya Chama

Viti vya nyuma tuliving'oa Jumapili,
Somoe na mimi, kwa spana namba kumi na mbili
na matusi madogo madogo yasiyofika jikoni kwa mama.
Chini ya zulia: mchanga mwekundu wa Newala,
pini ya ushungi, risiti ya petroli iliyofifia,
na korosho tatu za msimu ule ambao baba
alikuwa bado anaendesha mwenyewe, taratibu,
dirisha wazi, kiwiko nje,
kama mtu asiyedaiwa.

Starlet ya mwaka themanini na tisa.
Gari ya kwendea msibani na kurudi,
iliyozoea kusomewa dua kila ionapo mlima.
Na sisi ndiyo tunataka kuipeleka mashindanoni.

Fundi Chilumba aliizunguka mara mbili,
akalipiga tairi teke, akasikiliza.
"Injini nzima. Wagonjwa ni nyie."
Kisha akavua shati.

Shokapu tulizitoa kwenye Probox iliyolala mtaroni Nanganga;
zilikataa kuingia, tukazibembeleza kwa grainda.
Bamba la kukinga injini lilikuwa ubavu wa bowza la maji,
bado lina herufi mbili za jina la mwenyewe.
Hashimu wa vyuma chakavu akatuletea na mabomba
ya kujengea kizimba cha ndani, kile cha kulinda vichwa.
Chilumba alichukua moja, akalikunja kwa goti.
"Hili la kumwagilia mchicha.
Gari ikibiringika, litawamwaga nyie."

Basi tukanunua chuma chenyewe.
Kwa hela ya salfa.

Haya, nimesema.
Mifuko minne ya salfa. Juni nzima mikorosho yetu
ilisimama imejipaka ubwiriunga kama mwali,
na mama akapita chini yake kila asubuhi
akitazama juu, akitazama gari, hasemi.
Vyuma vyote nina bei zake daftarini.
Kimya kile sikujua nikiandike safu gani.

Tulipomaliza tukaipeleka kwenye ghala la chama,
magurudumu ya mbele kwanza, ya nyuma baadaye,
juu ya mizani ileile
iliyokula kilo mbili za kila gunia la baba.
Karani Nampota akaandika: mia sita na themanini.
"Nyepesi mno," nikasema.
Somoe akacheka mpaka akashika ukuta:
"Miaka yote hiyo, leo ndiyo imetupunja kwa faida yetu!"

Yeye hufundisha hesabu darasa la sita.
Kona zote alizipa alama, kama madaftari ya watoto:
moja ni kali, sita ni ya kupita ukiimba.
Usiku alizikariri jikoni, mwiko mkononi,
*kulia tatu, kushoto mbili, daraja, usikate,*
na mama akikuna nazi kwa mwendo huohuo.

Tulikuwa wa tisa kati ya magari kumi na moja.
Mawili yaliyobaki yalivutwa na trekta.
Eksozi tuliiacha kwenye mihogo ya mtu;
aliileta jioni, ameifunga kamba ya mkonge,
akadai soda. Tukampa mbili.

Jumatatu mama alikuwa na miadi ya macho Ndanda.
Nikamwambia nitamtafutia gari yenye viti.
Akakipangusa kiti cha Somoe kwa upindo wa kanga,
akaketi, akafungwa mikanda kifuani kama mzigo wa thamani,
akashika bomba la hela ya salfa yake.
Mpaka tunaanza kushuka mteremko hakusema neno.
Nilijua linakuja. Nilijiandaa.

"Kushoto mbili," akasema mama,
na kabla mimi sijaona chochote:
"Mbuzi. Usikate."